Tulivyotafuta mahali pa kigingi cha maksai wa shule katikati ya pamba

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nimehamahama sana nchi hii, lakini upande ule wa ziwa ndio unaonirudia kila nikikaa kimya.

Nilitoka Kilosa kwa treni. Tabora nikabadilisha, nikaingia behewa la Mwanza lililojaa kuku na mizigo ya Wahindi wa maduka. Mwanza nikavuka ghuba kwa mtumbwi hadi upande wa Sengerema, viatu mkononi.

Huko nikakabidhiwa darasa la hesabu na maksai mmoja wa jembe. (Nani aliona mwalimu wa hesabu anafaa kutunza maksai, sijui mpaka leo.)

Malisho yake yalikuwa kipande cha ardhi cha pembetatu, kila upande shamba la pamba. Kipande tuliazimwa na Mzee Masanja, na shamba kubwa kati ya yale matatu lilikuwa lake.

Maksai alishamlia pamba. Mzee akaja shuleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, akila tena nachukua ardhi yangu, na watoto wa ukoo wangu wanarudi kuchunga."

Ukoo wake ulikuwa zaidi ya nusu ya darasa. Wakiondoka, hakuna shule.

Wiki ile tulikuwa kwenye kugawa pande na kugawa pembe. Nikawaambia wanafunzi: tafuteni mahali pa kigingi, kamba iwe ndefu kadiri inavyowezekana, ila asifikie pamba ya mtu.

Kulwa, mwepesi wa hesabu na mwenye maringo, akawaongoza. Wakagawa kila upande katikati, na pale katikati wakapiga mstari wa pembemraba. Mistari yote mitatu ikakutana vizuri kabisa.

Ndani ya pamba ya Mzee Masanja.

Kona moja ya kile kipande ilikuwa pana mno, ndiyo maana makutano yakatoka nje. Mzee akatukuta tumesimama pale na kigingi.

"Kumbe leo mnamkaribisha mezani," akasema.

Nikamgeukia kiongozi wao. "Kulwa, hapo ulipo umbali ni sawa mpaka wapi?"

"Mpaka kona zote, mwalimu."

"Kwani ng'ombe anakula kona?" mwenzake akamchokoza.

Kulwa akaitazama mipaka. "Tunataka umbali sawa mpaka kwenye pande," akasema taratibu.

Akarudi kwenye kona, wakagawa kila pembe nusu kwa nusu kwa kamba na vijiti. Safari hii mistari ikakutana kwenye majani. Kamba tukaifupisha kidogo, kwa ajili ya shingo na ulimi.

Maksai akaenda moja kwa moja kwenye pamba ya Mzee. Kamba ikakaza. Akatoa ulimi, haukufika. Akajaribu upande wa pili, kisha wa tatu, halafu akainamisha kichwa akala majani.

Wakuu, nilikaa chini.

"Waendelee kusoma," Mzee akasema. "Lakini pamba mliyokanyaga mtaipalilia."

Nilichojifunza: mistari kukutana vizuri haitoshi. Uliza kwanza unataka umbali sawa mpaka wapi.

Miaka ikapita, nikahamishwa. Siku naondoka moja kwa moja, Mzee Masanja alinisindikiza mpaka ufukweni.

"Huyo anayekuja anajua hesabu?"

"Anajua sana, mzee."

"Nauliza za ng'ombe."

Walimu mliopo humu, ninyi pembetatu mlifundishia wapi? Tieni neno.