Dirisha la Maman Espérance

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuzuia baridi isiingie majumbani, msimamizi wetu, tuliyemwita chef, hakunipa nyundo. Alinipeleka katika chumba kitupu huku ughaibuni, mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, akaniambia nivue glovu.

"Weka kiganja ukutani. Baridi iko wapi?"

Nikaonyesha dirisha. Akacheka. "Hapo ndipo unapoiwazia. Nimekuuliza iko wapi."

Nilipapasa mpaka nikaikuta chini pembeni, ukuta unapokutana na sakafu, imejikunja kama paka. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mna kamera zinazoipaka baridi rangi ya buluu. Zitumieni, ni nzuri. Lakini guseni kwanza.

Baadaye nilihamishiwa mtaa wa Saint-Gilles, kwenye majumba ya zamani yaliyogawanywa kuwa makazi ya familia nyingi. Huko ndiko ziliko bow-window: dirisha linalotokeza nje ya ukuta, juu ya barabara, kama tumbo la mjamzito. Linapendeza, lakini upepo hulipiga pande tatu, na chini pia, maana sakafu yake inaning'inia hewani.

Moja lilikuwa la Maman Espérance, mjane kutoka Bukavu, ghorofa ya tatu. Magoti yalikuwa yamemkatalia ngazi. Alishinda kitini ndani ya dirisha lile, akiwaita wapita njia kwa majina. Lakini pembe zake zilikuwa nyeusi kwa kuvu, na mwenye nyumba alikuwa amechoka. Alitupa sharti: tulitengeneze mara moja tu; kuvu ikirudi, atalikata lote na kujenga ukuta.

"Papa Déo," Maman aliniambia kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, ambako ndiyo ni njo, "hii dirisha njo barabara yangu. Bakiikata, banakata miguu yangu mara ya pili."

Tulifungua mbao za chini, tukajaza pamba ya mbao, yaani nyuzi za mti zilizoshindiliwa kama godoro. Kwa ndani tukabandika karatasi ya kuzuia mvuke, ili pumzi za watu zisipenye na kuilowesha pamba. Juu ya vioo vipya tukaacha kitundu cha hewa. Chef akapitisha kiganja kila pembe. "Baridi imekosa mlango," akasema, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Majira ya baridi yalipofika, Maman akanipigia simu. Kuvu ilikuwa imerudi.

Mwenye nyumba akataka kuleta msumeno. Chef alimwomba asubiri kidogo, akanituma nikaangalie. Nilifika Jumapili mchana, nikakuta sebule imejaa akina mama wa kikundi cha sala, sombe, yaani kisamvu, ikichemka jikoni. Niligusa ile pembe. Haikuwa baridi. Sasa unyevu ulitoka wapi? Mama zetu wakaanza kuimba, na vioo vikaanza kutoka jasho. Nikainua macho: kitundu cha hewa kilikuwa kimezibwa kwa kitenge kilichokunjwa vizuri kabisa.

"Maman, nani alifunga hapa?"

"Njo miye. Upepo ya kichwa inaleta mafua. Weye mutoto ya Bukavu, haujue ile?"

Nilijua. Mama yangu naye aliziba kila ufa wa nyumba yetu kila mvua ilipoanza, na sikuwahi kumbishia. Nilikivuta kitenge, nikawaomba waendelee kuimba.

"Papa Déo, unatuletea hewa ao unatuletea mafua?" mmoja akauliza, wote wakacheka. "Tukikohoa, weye njo utatupikia tangawizi!"

Kufikia sala ya mwisho, vioo vilikuwa vimeanza kukauka kutoka juu, na barabara ikaonekana tena, kwanza paa za nyumba za ng'ambo, kisha watu. Maman akanyoosha mkono.

"Bon. Basi, leta kitenge yangu."

Akajifunga kichwani, akasogeza kiti chake dirishani. "Upepo ikuje sasa."

Tuliosha pembe, na kuvu haikurudi. Mwenye nyumba hakutaja tena msumeno.

Sasa nimestaafu. Sikujenga nyumba hata moja katika mji huu. Kazi yangu yote imefichwa nyuma ya kuta za watu, na inaniridhisha kujua kwamba wanalala bila kuifikiria. Nikipita Saint-Gilles huitwa kutoka juu kabla sijainua macho. Napanda, na kabla sijaketi mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye ile pembe ya chini.

"Papa Déo! Unasalimia nani kwanza, miye ao ukuta?"

"Ukuta, Maman. Weye nilikusikia tangu barabarani."