Mume Wangu Alinileta Likizo Baharini, Kumbe Nimetengwa

Admin, naomba unifichie jina na picha, maana mawifi zangu wote wako humu na hawapitwi na kitu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Rhotia, Karatu. Nimeolewa Kansay, huu ni mwaka wa tano. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni dereva wa watalii, anapeleka wageni Ngorongoro. Sote ni Wairaqw, ila kwetu tumekulia kanisani, mama yangu ni mzee wa kanisa, na mambo ya mila nilikuwa nayasikia kwa bibi kama hadithi. Ukweni bado wanayashika. Tunaishi mji mmoja, yaani boma moja, na mama mkwe, pamoja na shemeji yangu na mkewe ambaye ni mjamzito.

Mwezi wa tatu nilijifungua mtoto wa kiume, akaishi siku tatu. Ni wa pili kunifia. Daktari alisema ni presha yangu ya ujauzito, akasema inatibika. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, maziwa yanatoka na hakuna wa kuyanyonya. Niliumia jamani, sijui niseme nini zaidi.

Ndipo mume wangu akasema twende baharini tukapumzike, mimi na yeye tu, maana ni lo sizoni, watalii hakuna na magari yamepaki. Wanawake wenzangu wa Karatu mnajua, hakuna mwanaume wa kwetu anayempeleka mkewe baharini. Likizo yetu ni kwenda Mbulu kwenye harusi na kurudi na mafua. Nililia, nikajiona nimepata mume.

Tumekuja kijiji kimoja mbali huko mbele ya Pangani, kwenye nyumba ya dereva mwenzake ambaye yuko Arusha. Ni masika, hakuna mgeni hata mmoja, ni mvua, minazi na ufukwe mtupu. Sikuwahi kuona bahari, nikachovya kidole nionje kama kweli ni chumvi. Alicheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu tuzike.

Na alinitunza, sisemi uongo. Alipika yeye, hakutaka niguse sufuria, akisema mwili wangu umechoka. Aliniletea sahani, kikombe na kijiko vya bluu, akasema hivi ni vya malkia, havitumiwi na mtu mwingine. Alilala chumba cha pili, akasema sisi watu wa baridi joto la huku hatuliwezi tukibanana. Mimi mjinga nikapiga picha za ugali na samaki nikawatumia marafiki, nikawauliza, nyie mmeolewa na nani?

Wiki ya pili, mchana, nilikuwa naanika nguo mvua ilipokata. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, ndiko mtandao unakoshika, anaongea Kiiraqw na mama yake. Nikamsikia anamhakikishia kwamba vyombo vyangu viko mbali na vyake, kwamba hajalala na mimi, na kwamba niko metimani kama walivyokubaliana. Nguo zikanidondoka kwenye tope.

Kwa msiojua, metimani ni ile mila ya zamani ya kumtenga mtu aliyefiwa na mtoto mchanga. Anaonekana ana mkosi, hachangii chombo na watu, haingii mji wa wengine, na zaidi ya wote asimkaribie mjamzito. Bibi alikuwa akitusimulia tunaogopa, kisha anasema sasa yamekwisha.

Nilimuuliza yeye mwenyewe anaamini? Akasema, "Siamini. Ila mama anaamini. Na mtoto wa mdogo wangu akipata hata homa, watakusema wewe. Mimi nakulinda." Nikamwambia kama haamini anywe maji kwenye kikombe changu, pale pale. Alikitazama kile kikombe, akatoka nje. Nilimpenda huyu mtu kwa kunitunza, kumbe alikuwa ananiogopa.

Jumamosi anarudi kazini, amepata wageni. Mimi amesema nibaki hapa mpaka mke wa shemeji ajifungue na mtoto akomae, miezi mitatu, labda minne. Hapa simjui mtu, na jirani wa karibu ni mwendo wa nusu saa. Nikirudi Kansay kwa nguvu najua yatakayonikuta. Nikasema basi, nitarudi kwetu Rhotia, kwa mama na kaka, huko tunasali, huko ni nyumbani.

Jana nimempigia mama. Nimemweleza yote huku nalia, na yeye akalia, akamlaani mama mkwe wangu kwa ushenzi, akaniombea sala ndefu kwenye simu. Nikamwambia mama, nakuja keshokutwa. Akasema taratibu, "Mwanangu, usije kwanza. Mke wa kaka yako naye ana mimba."

Ndugu zangu, nisaidieni mawazo, msinitukane. Mimi niende kwa nani?