Siku Nilipompiga Barqi kwa Kunguruma

Nnakumbuka asubuhi moja hapa hapa mtaani kwetu Azaiba, mwanangu, nilipompiga mbwa wangu kwa sababu alinguruma. Nilikuwa kijana, baba wa mtoto mmoja, tena mwenye hamaki. Mbwa jina lake Barqi. Alikaa uani tu, hakuingia ndani, maana marehemu mama alichunga sana udhu wake. Binti yangu Ruqaya, wa miaka miwili, alimwendea mbwa naye anakula, akamvuta mkia. Barqi akanguruma. Nikavua ndara, nikampiga mpaka akajikunyata ukutani.

Wiki ile ile Ruqaya akamwendea tena. Safari hii mbwa hakunguruma. Aliuma. Jino lilipita chini ya jicho, pamebaki upana wa kidole tu. Nilimkimbiza mtoto hospitali, damu imenijaa kanzuni, akashonwa, akapigwa sindano.

Niliporudi nikashika kamba, nimpakie Barqi garini nikamtupe nje ya mji. Shangazi yangu, Bi Zuwena, akanizuia mlangoni, naye alikuwa akiogopa mbwa kuliko sote.

"Unampeleka wapi?"

"Nnakwenda kumtupa. Kamuuma mtoto."

"Alikwambia mwanzo, ukampiga. Wewe ndiye uliyemfunza kunyamaza. Sasa ukimtupa, huko atakutana na mtoto wa nani?"

Nikaiweka kamba chini. Niliona haya, wallahi.

Basi nikaazimia. Nikamzungushia Barqi waya kwenye pembe ya kivuli, pahala pake mwenyewe, mtoto hafiki. Kila siku baada ya alasiri mke wangu alimpitisha Ruqaya kwa mbali, nami nikimpa Barqi vipande vya kuku. Mtoto akiondoka, na kuku kwisha. Mbwa akikaza mwili au akigeuza uso, tunarudi nyuma, bila ya ugomvi. Ruqaya naye tukamfunza: mbwa akila haguswi, akilala haguswi. Ziko siku nilichoka nikataka kuacha, na Shangazi akinichungulia dirishani: "Leo hujatoka?" Natoka.

Ilichukua miezi. Mwisho Barqi akawa akisikia sauti ya mtoto, mkia unacheza. Baridi ilipoingia, Ruqaya alikaa uani, mimi kati yao, mbwa akajinyoosha akasinzia. Hata hapo sikuwaacha peke yao hata dakika moja.

Na wewe, mwanangu, unangojea mtoto na mbwa unaye. Anza leo, usingoje azaliwe. Mbwa akinguruma usimpige. Mwondoe mtoto, kisha ujiulize kilichomtisha. Mpe pahala pa kukimbilia. Mambo yakikushinda, mwite daktari wa wanyama, si aibu. Na jicho lako lisiwatoke, hata ukiwaamini vipi.

Mungu akujaalie mtoto mwenye afya, akupe subira isiyokatika, na nyumba yako aijaze amani kwa kila kiumbe anayeishi humo. Amin.