Usimuulize Habari za Mwanawe

Kichwa cha Aune Kivelä kilikuwa chujio, na mwenyewe alijua, ndiyo maana kila kitu alikiandika. Duka lake la mikate ya iliki pale Thunder Bay, Kanada, lilikuwa na ile mashine ya kulipia kwa kadi, na ndani yake kila mteja ana ukurasa wake: jina, simu, kanunua nini, na chini kabisa kisehemu cha maelezo. Wenzake hukiacha kitupu. Aune alijaza mpaka pakafurika. Kwa mzee Toivo: "Meno bandia, mkatie vipande vyembamba." Na kwa Helvi, mteja wa kila Alhamisi miaka kumi na moja, anayependa mkate ulioungua kidogo: "Mwanawe yuko jela. Usimuulize."

Yaani aliandika kwa wema kabisa. Helvi alimwambia mara moja tu, siku theluji imewafungia dukani, na kwa watu wa pale jambo la nyumbani likishasemwa halirudiwi. Mtaa mzima uliamini mwanawe huyo, Arvo, anachimba mafuta mbali huko Alberta. Aune alihofia tu ulimi usije ukamteleza.

Sasa mwezi wa pili kampuni moja ikamwandikia: tutawatumia wateja wako salamu, wewe hutagusa kitu, tupe ruhusa tu. Simu ikamuuliza, waone mauzo, majina, namba na maelezo ya wateja? Akabonyeza Ruhusu Yote. Nani husoma yale? Basi programu yao ikapewa ufunguo wa mlango wa nyuma, ikaingia kwenye mashine, ikachota kila kitu.

Jumapili watu wanakunywa kahawa ukumbini baada ya ibada. Helvi macho yamechoka, kwa hiyo simu yake humsomea meseji kwa sauti. Ikasoma:

"Habari Helvi! Hatujakusahau. Mwanawe yuko jela. Usimuulize. Alhamisi hii mkate wako una punguzo."

Vijiko vyote vikatulia.

Jumatatu asubuhi Helvi akasimama mbele ya kaunta, koti hajavua.

"Aune, nilikwambia wewe au nilikiambia kimashine chako?"

"Dada, niliandika nisije nikakuuliza kwa kusahau."

"Basi umefaulu. Wewe hujaniuliza. Wameniuliza wengine wote."

"Nisamehe, dada Helvi."

"Punguzo lenyewe asilimia ngapi?"

Aune akatazama chini. "Kumi."

"Kumi. Mtoto wangu mzima, hata asilimia ishirini hafiki."

Akatoka. Aune akaipigia ile kampuni, akajibiwa na kaka mmoja mpole, sauti kama asali.

"Ufunguo tumeshaufuta, mama. Mapya hatutayaona."

"Na yale mliyochota?"

"Hayo tunayo tayari. Ulikubali."

"Niliandika nisome mimi peke yangu."

"Naelewa, mama. Ila kwetu ni maelezo ya mteja tu."

Alhamisi Aune akautoa mkate ulioungua kwa mazoea, akauweka pembeni. Saa nne Helvi akapita upande wa pili wa barabara na mkate wa supamaketi, ule wa kwenye nailoni, ameushika mkononi ilhali mfuko wake mtupu, makusudi uonekane vizuri.

Kengele ya mlango ikalia. Toivo, naye meseji yake ya Jumapili alishaipata. Akanyoosha kidole kwenye mkate, mdomo kaufumba.

"Nikatie," akasema mwishowe. "Vinene."

Aune akachukua kisu, akamkatia vinene.