Vidonge Ambavyo Mzee Hakuviita Dawa

Kazi yangu ni kutoa dawa za usingizi na ganzi kwenye chumba cha upasuaji, hapa Pemba. Asubuhi ile tulikuwa na mzee wa Tumbe aliyekuja kupasuliwa ngiri. Miaka mingi alikuwa akipakia samaki kwenye baiskeli na kwenda kuwauza mashambani. Nilipompima, moyo wake ulipiga mara hamsini na mbili kwa dakika.

"Mzee, moyo wako unakwenda taratibu. Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Sina dawa mie, mwanangu. Moyo wangu mpole tangu ujana. Baiskeli hiyo."

Nikamwamini. Nikamchoma sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, daktari akaanza. Mzee alikuwa macho, ananihadithia kilima kimoja kilichokuwa kikimtoa jasho kila siku. Daktari alipouvuta utumbo ili aurudishe ndani, mzee akanyamaza katikati ya neno. Milio ya mashine ya kupima moyo ikaanza kuachana. Nikatazama: thelathini na nne.

"Daktari, usivute. Ngoja kidogo."

Akaachia. Nikampa mzee atropini mshipani, dawa ya kuuharakisha moyo, nikafungua dripu ikimbie. Muda wa kusubiri dawa ifike ni mfupi, lakini mimi sijauzoea hata leo. Nilimshika mkono, kidole juu ya mshipa, nikihesabu. Arubaini. Arubaini na nane. Sitini na tano.

"Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia. Kichefuchefu tu kilinishika. Kilima tumekifikisha wapi?"

Daktari akacheka ndani ya barakoa, akaendelea kwa mkono mwepesi zaidi.

Mchana nilimfuata mkewe barazani kumweleza yaliyotokea. Akasikiliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Au ni vile vidonge vya presha?" Akavitoa kwenye mkoba. Vilikuwa vya kaka wa mzee, na ni vya aina inayopunguza mwendo wa moyo. Mzee alikuwa akimeza kimoja kila asubuhi. Kwake havikuwa dawa, maana hakuandikiwa yeye.

Sikumkasirikia. Nilijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa bibi yule alikuwa amekaa mlangoni tangu alfajiri na sikumwuliza kitu. Siku hizi nawauliza wote wawili, mgonjwa na aliyemleta, tena nauliza, "Asubuhi unameza nini?"

Mzee alirudi kwao siku ya tatu, ameandikiwa vidonge vyake mwenyewe.