Matembele Yasiyoliwa

Habari zilinikuta kazini, nikiwa nimevua glavu ninywe chai. Mama aliyekuwa jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa Whitehall, pembeni mwa Columbus, kisha akahamia Buffalo kukaa na mwanawe, alikuwa amefariki hospitalini asubuhi ile baada ya moyo wake kuchoka. Kijana wake, ambaye huniita tantine, yaani mama mdogo kwa Kifaransa chao, ndiye aliyenipigia, na kama desturi yetu siku ya msiba, alizunguka kwanza. "Tantine, umeamuka? Batoto beko bazima? Bon… mama ametuacha." Nilikaa juu ya kasha nikalia, na chai ikapoa. Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba katika safu hii huwa nagombana na kodi za nyumba, na Kiingereza cha watoto wetu, na makanisa yanayovunjika kwa sababu ya nani ashike maikrofoni. Leo uniruhusu nimzungumzie mtu ambaye hakugombana na lolote kati ya hayo, na mmea wake mmoja.

Mwenyewe hadi mwisho aliuita matembele, kwa kujicheka. Alipofika Amerika, Louisville ndiyo iliyompokea. Mwaka wa kwanza alikula alichopata, lakini rohoni alitamani matembele, yale majani ya viazi vitamu ambayo kwao Uvira, Kongo, hayakosekani jikoni. Yaliyogandishwa ya dukani aliyakataa, akisema yana ladha ya friji. Siku moja, kwenye duka la miche, akaona mche mwembamba unaotambaa, akamwuliza mwanawe, wakati huo bado yuko shule, ile karatasi imeandikwa nini. Mtoto akajibu, "Potato vine, Mama." Poteto alilijua, ni kiazi. Na hiyo vaini? Mtoto akahangaika kutafuta Kiswahili, akasema, "It's like… kamba." Sasa nani kati yetu, Warundi na Wakongo, asiyejua kamba ya viazi? Ndivyo tunavyoiita mbegu ya viazi vitamu: unakata kamba, unaifukia, unasubiri majani. Mama akanunua kamba yake ya viazi kwa furaha, akaipanda kwenye ndoo, akamwagilia, na majani yalipokolea akawaalika akina mama wa kwaya waje Jumapili. Asubuhi ya Jumapili hiyo alichuma jani, akalisugua kwenye kiganja, akalinusa, akaligusisha ulimini. Akatema. Mkulima ni mkulima hata ukimvalisha koti la theluji. Wageni walikula kabichi, na mmoja wao, nasikia, hajamsamehe mpaka leo.

Wiki chache baadaye mmea ukatoa maua, nyota nyeupe zenye mdomo wa njano, mashada kwa mashada. Hapo akaelewa. Ni ua lile lile la mnavu, la nyanya na la kiazi mbatata, ila hili halina mboga wala chakula chini yake, na vijitunda vyake ni sumu. Mtu mwingine angeutupa. Yeye alimpigia simu kifungua mimba wake ili amsimulie aibu yake. Binti huyo alikuwa amebaki kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Familia ilipoitwa kusafiri, yeye alikuwa tayari ameolewa na ana kesi yake peke yake, yaani faili lake la kuhamia Amerika, wakaambiwa atafuata. Tangu waagane, mama aliniambia, binti hakuwa amecheka kwenye simu hata mara moja. Alikuwa akijibu tu kwamba wako salama. Siku hiyo, alipoonyeshwa maua na kusikia habari za kabichi, alicheka mpaka akashindwa kuongea. "Donc nikasema, hii mauwa haikufe," mama alinieleza. "Itangoja mutoto wangu. Siku atakuya, ataikamata na mukono." Kuanzia hapo alikuwa na kazi moja tu maishani, nyingine zote zilikuwa za kulipia nyumba.

Mimi nilimfahamu walipohamia Columbus kufuata kazi za maghala. Ndoo ilisafiri kwenye kiti cha mbele, imefungwa mkanda, na kijana akakaa nyuma na masufuria. Kiangazi cha kwanza mmea ulishuka kutoka barazani kwake hadi barazani kwangu. Nikadhani ni magugu, nikaleta mkasi. Sauti ikanijia kutoka juu: "Weye Murundi! Acha matembele yangu!" Nikauliza kwa adabu yanapikwaje. "Haipikwe. Inaangaliwaga tu." Nilipanda ngazi kwenda kumtazama mtu anayelima kitu cha kuangaliwa, na urafiki wetu ukaanzia mlangoni pale. Alinifundisha vitu vyake vyote. Mmea huu hupenda jua, lakini hautaki maji yatuame mizizini. Hauna mikono ya kujishikia, kwa hiyo unaufunga kwenye fito, naye alitumia vipande vya kitenge kilichochakaa kwa sababu uzi unakata ngozi yake. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, basi usiogope kuukata baridi inapoondoka. Vidukari unawaosha kwa maji ya sabuni. Na kabla baridi haijaanza kugandisha, unauingiza ndani, karibu na dirisha, unaunywesha kidogo kidogo. Majani mengi yatadondoka na utadhani umekufa. Hapo ndipo watu wengi huumwagia maji kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayouozesha.

Kila Jumapili baada ya ibada aliegemeza simu kwenye ndoo na kumpigia binti yake. Kupitia dari niliwasikia wakicheka, na mara nyingine wakibishana vikali, na sikujali wanabishania nini. Mama na binti hawakosi la kubishana. Kesi ya binti ikisogea, mama alinunua shuka mpya. Ikisimama, shuka zilirudi kabatini. Kuna wakati vipimo vya afya vilipita, kisha muda wake ukaisha kabla ya safari. Kuna wakati mjukuu alizaliwa, na ilibidi jina lake liingizwe na mambo yaanze upya. Na kuna wakati serikali ilisimamisha safari zote za wakimbizi, na kila mtu kanisani akamjia na lake. Nakumbuka mzee mmoja wa kanisa akimwambia kwamba subira huvuta heri. Mama alimtazama kwa upole wote aliokuwa nao. "Subira inavuta heri," akasema. "Bon, ivute basi, papa. Kamba iko murefu namna gani?" Mzee akacheka, nasi tukacheka, na yeye pekee hakucheka.

Mimi nililelewa kambini, na nakwambia, msomaji wangu, kambini hakuna anayepanda kitu cha miaka. Tulipanda mchicha, maharage, vitunguu, vitu vya kuliwa kabla hatujaambiwa tuondoke. Ukipanda ua watu walikuuliza kama umeamua kuzeekea pale. Baba yangu alikuwa na jibu moja kwa kila jambo jema: tutalifanya tukifika. Haya, tumefika. Lakini angalia kuta za nyumba zetu hapa, hazina hata picha moja. Tunahama Louisville kwa sababu kodi imepanda, tunahama Columbus kwa sababu ghala limepunguza watu, na tukiwa Buffalo tayari tunauliza habari za mji mwingine. Kazi tunazifanya kwa bidii, hilo hatushindwi. Tunachoshindwa ni kuamini kwamba kesho itatukuta palepale. Ndiyo maana yule mama alinitia wivu. Alipanda kitu kisicholiwa, kisichouzwa, kinachotaka kutunzwa mwaka baada ya mwaka, akakitunza kwa ajili ya mtu ambaye hakuna aliyejua atafika lini. Nami nilimzoea kuliko nilivyojua. Alipohama, nilikuwa nikitoka asubuhi natazama juu, naona baraza tupu, na siku yote inakuwa na upungufu.

Alikwenda Buffalo kwa sababu kijana wake alipata kazi kiwandani Lackawanna, na baada ya muda akanunua nyumba karibu na barabara ya Bailey. Mama alinipigia simu akipiga vigelegele. Udongo! Udongo wa kwao wenyewe, nyuma ya nyumba, baada ya maisha yote ya kupanda kwenye ardhi ya watu. Nikamwambia sasa autoe mmea kwenye ndoo. Akakataa. "Apana. Udongo ya huku inaganda mupaka chini. Nikiupanda, utakufa mbele yule hajafika." Basi mwanamke yule, aliyepata ardhi yake hatimaye, akapanda humo maharage na vitunguu, na kile alichokipenda kuliko vyote kikabaki kwenye ndoo. Nilipokwenda kumwona kiangazi kilichopita, miguu ilikuwa imevimba na pumzi fupi, lakini barazani maua yalikuwa yamefunika nguzo nzima. Nilimsihi asikose miadi ya daktari. "Usiogope," akanipigapiga mkono. "Siwezi kufa sasa. Niko na mugeni mu njia." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu ana kwa ana.

Tulimzika siku ya upepo wa ziwani, watu wameshika kofia zao. Mhubiri alisema vizuri. Alisema mama yetu alingoja kwa imani, na leo amemaliza kungoja, na sote tukaitikia amina. Baadaye tulirudi nyumbani kwa chakula. Simu ya kijana ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na kwenye kioo alikuwapo kifungua mimba kutoka kambini, amejifunga kitambaa kichwani. Alikuwa amefuata ibada yote kwa simu, mtandao ukikatika na kurudi, na kwa kuwa alikuwa ametulia, tukamsahau. Mtu akasema kwamba usiku ule kungekuwa na barafu, na ule mmea wa mama bado uko nje. Kijana alikuwa hajalala siku kadhaa. Alijifuta uso, akanigeukia. "Tantine, ubebe weye, ao tutupe. Mama ameenda. Itangoja nani tena?"

"Mimi bado nipo."

Sauti ilitoka mezani, si kubwa, wala haikuwa na hasira. Vijiko vikasimama. Kijana akaitazama ile simu, kisha akaiinua kwa mikono miwili. Dada yake hakumgombeza. Aliniambia tu, "Ma'mdogo, nisogezeni karibu na ndoo." Tukatoka naye barazani. Akasema tusiukate sana, mkato mkubwa ni wa baridi ikiondoka. Sasa tupunguze tu matawi yatakayokwama mlangoni. Vitenge tuvifungue kuanzia juu. Na shina la kushoto tulishike kwa chini, kwa sababu lilipasuka wakati wa kuhama kutoka Columbus na halijapona sawasawa. Nikainama, nikaukuta ule ufa, pale pale alipousema, mtu ambaye hajawahi kugusa hata jani moja la mmea ule. Hapo nikaelewa yale mabishano ya Jumapili juu ya dari yangu. Mama hakuwa akimwonyesha binti maua. Walikuwa wakiyalea wawili, na mama hakukata tawi kabla binti hajakubali. Kijana alipiga magoti na mkasi, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Hapa, dada?" "Chini kidogo." "Hapa?" "Hapo. Kata." Tukauingiza chumbani kwa mama, karibu na dirisha, na dada akatuagiza tusiunyweshe mpaka udongo ukauke.

Nilirudi Columbus na jambo moja ambalo halijaniacha. Sisi watu wa kambi tunajua kumlilia aliyekufa akingoja. Tunampikia, tunamwimbia, tunasema maskini, hakumwona mwanawe. Kisha tunafunga habari hiyo pamoja na jeneza, na yule mwana, aliye ng'ambo na kesi yake isiyosogea, anageuka kuwa sehemu ya hadithi ya marehemu. Jina lake linatoka kwenye maombi. Simu za Jumapili zinakuwa za Krismasi. Sidhani tunafanya hivyo kwa ubaya. Uchungu una mipaka na sisi tumechoka. Lakini mama hakuondoka na mgeni wake. Sijui binti yule atafika lini, na sitamwambia kwamba subira huvuta heri. Ninachojua ni kwamba amina yangu kwa mhubiri ilikuwa ya haraka mno. Msiba ukikwisha na viti vikirudishwa kanisani, mtafuteni yule aliyekuwa akingojewa. Anayengoja akifa, kungoja kunakuwa kwetu.