Mwanamke Aliyechukua Ndala za Watoto Olchoro

Niliwahesabu watoto, wakatimia sita. Sita kamili, kama nilivyowaleta.

Na wakati nawahesabu, mwanangu alikuwa amenasa chini ya mizizi ya mkuyu, maji yamemfika mdomoni.

Usiniulize imewezekanaje, nitasimulia taratibu. Ukitaka kunitukana kwenye komenti, subiri nimalize kwanza, utakuwa na sababu nzuri zaidi.

Naitwa Sia. Nina duka la vitenge mjini Arusha, na tunaishi Themi, mimi, mume wangu Hans na watoto wetu watatu. Kwetu ni Moshi, kwa hiyo Desemba lazima tupande nyumbani kula Krismasi. Mwaka jana wifi yangu Anjela alitoka Dodoma na watoto wake watatu, akafikia kwetu ili tupande pamoja.

Watoto sita ndani ya nyumba ya vyumba vitatu! Siku ya pili tu nilitamani kuhama mimi.

Hans akasema, "Kuna mashimo ya maji chini ya Meru, unapita Olmotonyi unaendelea. Maji masafi mpaka unaona mawe ya chini. Tuwapeleke wakaogelee, watuachie nyumba ipumue."

Sasa mnijue vizuri. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua asali naonja chupa tatu. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu uliozidi, najiuliza anataka nini. Hans anasema ningezaliwa mbwa, ningefungwa getini.

Na mwezi ule simu zilijaa meseji za watoto kuibiwa. Leo kaibiwa hapa, kesho kule. Hakuna meseji iliyotaja jina la mtoto hata mmoja, lakini zote nilizisoma, na nyingi nilizisambaza.

Basi tukaenda.

Mahali penyewe panaitwa Olchoro, kwa lugha ya wenyeji ni chemchemi. Ardhi imetitia ikaacha mashimo mawili ya mviringo, na maji ya bluu, ya baridi, yanabubujika chini kwenye miamba. Shimo dogo ndilo la watoto. Upande mmoja mikuyu imeshusha mizizi mpaka majini, na chini ya ile mizizi maji yanatokea kwenda kwenye mfereji wa mashamba. Yanatoka kwa kelele, mkikaa karibu hamsikilizani.

Kwenye njia ya kushukia alikaa mwanamke wa miaka kama hamsini. Alivaa shuka nyekundu, juu yake jezi ya mpira ya kiume, na miguuni mabuti ya mvua. Meno yake ya kahawia, yale ya watu waliokulia maji ya Meru.

"Takwenya," Hans akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitika. Watoto wakampa shikamoo yao.

Kisha akaanza kuwatazama. Mmoja mmoja. Usoni, kwenye nguo, halafu usoni tena.

Machale yakanicheza.

"Wewe unaitwa nani?"

"Eliasi," akajibu kitinda mimba wangu, miaka saba, akamchekea. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka wiki ile.

"Eliasi wa pengo," akasema polepole. "Nipe ndala moja."

"Ya nini?" nikadakia.

Akaonyesha jiwe bapa pembeni yake. "Mtoto akiingia majini, ndala moja inabaki hapa. Akitoka, anachukua."

Watoto wala hawakuniangalia, wakavua wakampa. Akazipanga juu ya jiwe, vidole vikielekea majini.

Jamani, ndala ya mtoto! Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa anafukia hata kucha zetu zikikatwa. Kitu cha mwili wa mtoto hukiachi mikononi mwa mtu usiyemjua.

Nikamvuta Hans pembeni. "Huyu mama simwelewi."

"Sia, ni mlinzi. Kijiji kimemweka hapa."

"Mlinzi gani hana hata filimbi?"

"Umekuja likizo, mke wangu. Pumzika." Akaenda zake kwenye gari kushughulika na tairi lililokuwa linapungua upepo.

Watoto wakaingia majini. Nikaanza kuwahesabu kwa sauti, kidole mbele. "Moja, mbili, tatu..."

Yule mama akasimama. "Mama, usiwahesabu. Kwetu watu hawahesabiwi. Wala ng'ombe hatuhesabu. Unamjua mmoja mmoja."

Mnajua mimi nilisikia nini? Nilisikia kwamba hataki nijue kama mmoja amepungua.

Hapo nikatoa simu. Nikajifanya napiga picha watoto, kumbe nampiga yeye na zile ndala zake. Nikaandika kwenye grupu la wazazi wa shule:

"WAZAZI KUWENI MACHO. Mwanamke huyu yuko mashimo ya Olchoro, anajifanya mlinzi. Anauliza watoto majina, anachukua viatu vyao, na anamkataza mzazi kuhesabu watoto wake. SAMBAZA UOKOE MTOTO."

Haikupita dakika, majibu yakamiminika. "Mungu wangu." "Ubarikiwe dada." "Nimeshatuma grupu la kanisani." "Nimetuma kwa bodaboda wa huko, wanamjua."

Niseme ukweli, nilijisikia mtu muhimu.

Baadaye kidogo yule mama aliinuka kwenda kumhamisha ndama wake malisho. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikalisogelea jiwe, nikachukua ndala ya Eliasi, nikaitia kwenye begi langu. Ya kwake tu, maana ndiye aliyemtazama kuliko wote, na ningechukua zote angejua.

Aliporudi alilitazama jiwe mara moja tu.

"Wa pengo ametoka?"

"Ametoka. Yuko kwenye gari na baba yake."

Nilidanganya bila kupepesa macho. Akaridhika, akageukia watoto waliobaki majini. Mimi nikarudi kwenye simu kusoma majibu.

Saa saba Anjela akafungua hotpoti la pilau. "Haya, njooni mle!"

Watoto wakapanda mbio, meno yanagongana kwa baridi, wamejifunika taulo na kanga mpaka vichwani. Nikahesabu vichwa. Sita. Nikamwambia Anjela gawa chakula.

Yule mama akaja na ndala mkononi, akimpa kila mtoto ya kwake. Akagawa tano, mkono ukabaki mtupu. Mtoto wa sita alikuwa amejifunika kanga yangu, pilau imejaa shavuni. Akamfunua.

"Lesian! Wewe ulipita wapi?"

Mtoto akacheka na ubwabwa mdomoni. Alikuwa mtoto wa jirani yake. Alishukia upande wa mfereji, akaogelea na wetu, na pilau iliponukia akapanda nao.

Mama yule akanigeukia. Wakati huohuo Hans anakuja kutoka kwenye gari, amebeba maji ya kunywa.

Yuko peke yake.

"Wa pengo yuko kwenye gari?" yule mama akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

Hakuniuliza la pili. Mimi nilikimbilia katikati ya shimo, yeye akakimbilia kwenye mizizi ya mkuyu na mabuti yake, akatumbukia mpaka kifuani. Baadaye alituambia kwamba chochote kinachopotea mle, mpira, nguo, kiatu, maji hukipeleka pale.

Akapitisha mkono chini ya mizizi. Nikaona mkono wa mwanangu. Nikaona anauvuta.

Na hapo, mbele ya macho yangu, akili yangu iliniambia nini? Kwamba anamzamisha.

"Anamuua! Anamuua mwanangu!" nikapiga ukelele.

Hans akanisukuma, akaruka ndani. Wakashirikiana, mmoja akimwinua, mwingine akiinasua bukta iliyokuwa imeng'ang'ania kwenye mzizi. Eliasi alikuwa ameukumbatia mzizi mwingine, mdomo juu kidogo tu ya maji. Alisema alituita, akaita tena na tena. Kelele ya mfereji ilimeza sauti yake yote.

Alitapika maji, akalia. Na mimi nikalia kuliko yeye.

Mama yule akamfunga kwenye shuka yake nyingine kavu aliyokuwa ameiacha juu, akamtemea mate kidogo kifuani akinong'ona, "Engai." Hans akaniambia ni baraka, anamwita Mungu.

Nikapiga magoti. "Asante, mama. Unaitwa nani?"

"Nanyori." Akanitazama. "Ndala yake ilikwenda wapi?"

Nikafungua begi, nikaitoa.

Aliiangalia, akaniangalia mimi. Afadhali angenizaba kofi.

Hatujakaa sawa, tukasikia pikipiki. Mbili, vijana watano, fimbo mikononi. Wa mbele ameshika simu.

"Ndiye huyu! Jezi ileile!"

"Oneni, na mtoto wa watu ameshamshika!"

Kweli, Eliasi alikuwa mapajani kwa Nanyori, amefungwa shuka, anatetemeka. Mtu aliyesoma ile meseji hakuhitaji ushahidi mwingine. Nanyori hakuelewa lolote. Alimkumbatia tu mtoto zaidi, akidhani fimbo zile zinamjia mtoto.

Nikasimama katikati. "Mwacheni! Mimi ndiye niliyeandika. Ni uongo!"

"Usiogope, mama," kijana mmoja akanituliza. "Tumeshafika. Hawezi kukufanya kitu."

Mnaona? Waliiamini meseji kuliko aliyeiandika. Nikafungua simu, nikawaonyesha namba yangu na maneno yangu. Hans akasimama mbele ya Nanyori, nguo zinamchuruzika. Eliasi naye akalia, "Msimpige, amenitoa kwenye maji!"

Fimbo zikashuka moja moja. Kijana mwenye simu akanitazama kwa dharau. "Dada, ungetutia damu mikononi." Wakaondoka.

Ndipo Nanyori akauliza, "Hiyo simu inasema nini juu yangu? Mimi sikusoma. Nisomee."

Nikamsomea, neno kwa neno. Mpaka kwenye "sambaza".

Akainyooshea simu kidole. "Ifute."

"Nimeifuta kwangu, mama. Kwa watu imebaki."

"Binti yangu Naisiae analea watoto wa mtu huko mjini. Mama mwenye nyumba ananijua sura. Ataiona?"

Nikamwambia huenda asiione. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kwake siku ile.

Aliiona. Wiki moja baada ya Krismasi, Naisiae alifukuzwa kazi.

Nilikwenda nyumba ile mwenyewe, pamoja na Eliasi. Mama mwenye nyumba alinikaribisha vizuri, akatupa juisi. Nikaeleza kila kitu, mtoto naye akaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa, dada yangu. Lakini watoto ni watoto. Siwezi kubahatisha."

Nikainuka tuondoke, maana ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

Nikamtafuta Naisiae, nikamwomba aje afanye kazi dukani kwangu. Binti mpole, ana macho ya mama yake. Akanishukuru kwa adabu zote.

"Hapana, mama. Kwako nitakuwa naangaliwa mikono kila siku."

Nilitaka kubisha. Lakini najijua.

Wazazi wenzangu, kumlinda mtoto ni kumtazama mtoto. Siku ile nilimtazama kila mtu isipokuwa mwanangu, na mtu niliyemwogopa ndiye pekee aliyekuwa anamtafuta. Ukishuku, uliza. Ukiogopa, ondoka na wanao. Lakini sura ya mtu usiirushe kwa watu kwa sababu tu moyo wako umekosa amani.

Picha bado inazunguka. Juzi imenifikia kutoka grupu la Mwanza, wameongeza kwamba alikamatwa na watoto wanne.

Ikikufikia na wewe, isimame hapo kwako. Anaitwa Nanyori, na ndiye aliyemtoa mwanangu majini.